Flashi mpya ijaze kwanza, ndipo uiamini

Mwaka 2021 nilinunua flashi ya GB 128 nje ya stendi hapa Dodoma, kwa kijana aliyekuwa amezipanga juu ya boksi. Alitaka 15,000. Nikamwomba anipunguzie, akaniachia kwa 13,000, nikaondoka nimefurahi. Pakiti ilikuwa nzuri, ina jina la kampuni kubwa na stika ya kung'aa. Wakati huo nilikuwa na miaka mitatu nikiendesha steshenari yangu jirani na chuo, nashika flashi za watu kutwa nzima, kwa hiyo wala sikufikiria kwamba mtu anaweza kuniuzia kitu feki.

Mwezi mmoja baadaye binti yangu akapata kipaimara. Mpiga picha akanipa memori kadi yake nihamishe kazi yote, picha na video, kama GB 22 hivi. Kompyuta ikakopi mpaka mwisho bila tatizo lolote. Nikamrudishia kadi yake na siku hiyohiyo akaifuta, maana kesho yake alikuwa na harusi. Jumapili jioni tumekaa sebuleni na mama mkwe wangu aliyetoka Kondoa, nikachomeka flashi kwenye televisheni. Majina ya mafaili yote yapo. Picha za kuvaa zikafunguka, za kuingia kanisani zikafunguka. Tukafika picha moja ambayo nusu ya juu inaonyesha mkono wa askofu umetulia juu ya kichwa cha mwanangu, na nusu ya chini ni kijivu kitupu. Baada ya hiyo, hakuna iliyofunguka tena. Video zote tatu, hakuna.

Fundi wa kwanza alichukua 20,000 akasema atazirudisha. Hakurudisha kitu. Wa pili alikuwa mkweli. Alinikalisha, akaipima ile flashi mbele yangu, akanionyesha: ndani yake kulikuwa na GB 7 na kidogo. Zile GB 128 zilikuwa maneno tu.

Nataka uelewe kitu hiki vizuri, kwa sababu ukikielewa hutadanganywa tena. Ndani ya flashi kuna vitu viwili vikubwa: chipu inayotunza data, na chipu nyingine ndogo, kontrola, inayoongea na kompyuta. Kompyuta haifungui flashi ikahesabu nafasi. Inaiuliza kontrola, "Una GB ngapi?" na inaamini jibu. Mtengenezaji wa feki anachukua chipu ya GB 8, tena mara nyingi iliyokataliwa kiwandani, halafu anaifundisha kontrola iseme 128, au 512, au TB 2 (yaani kama GB 2,000). Unapokopi, GB za mwanzo zinaingia kweli. Zikijaa, flashi haisemi imejaa. Inaendelea kupokea. Inachopokea ama kinatupwa, ama kinaandikwa juu ya vile vya mwanzo. Majina ya mafaili unayaona kwa sababu orodha yake inakaa mwanzoni kabisa, kwenye ile sehemu ya kweli. Ndiyo maana fundi anayekuahidi kurudisha mafaili yaliyopotea kwa njia hii anakula hela yako bure: ama hayakuandikwa popote, ama yameandikiwa mengine juu yake, hakuna pa kuyatoa.

Kwa hiyo ukiniuliza bei nzuri ya flashi ni ipi, mimi sianzi na bei. Nauliza: muuzaji atakubali niipime, na ikishindwa atanirudishia hela? Akikubali, hapo ndipo tunaanza kuongea bei. Akikataa, hata akinipa kwa 5,000 sichukui.

Kupima kwenyewe si kazi ngumu, ila kunataka muda. Kwenye Windows kuna programu ndogo ya bure inaitwa H2testw, ya Wajerumani, ina Kiingereza pia na haihitaji kusakinishwa. Flashi iwe tupu. Unaichagua, unaiagiza ijaze nafasi yote na kuisoma upya. Inaandika mafaili ya GB 1 moja baada ya jingine mpaka flashi ijae, kisha inarudi kuyasoma yote kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachosomeka. Flashi nzima inapata jibu kwamba hakuna kosa. Feki inaandikiwa kwa herufi nyekundu kiasi kilicho kizima na kiasi kilichopotea. Wanaotumia Linux au Mac wanayo F3, inafanya kazi hiyohiyo. Ukimaliza, futa yale mafaili ya majaribio. Flashi ya GB 32 ya kawaida inachukua saa moja na zaidi, kwa hiyo huwezi kumsimamisha mwenye duka hapo kaunta akusubiri.

Hapo ndipo penye mapatano. Duka ninalonunulia sasa liko katikati ya mji, si mbali na Nyerere Square. Siku ya kwanza nilimwambia mwenye duka, "Kaka, nachukua tano, nakwenda kuzipima leo usiku. Isiyofaa nairudisha kesho kutwa." Akasita kidogo. Nikamwomba aandike nyuma ya risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi: siku tatu, kurudisha hela au kubadilisha. Akaandika, akasaini. Bei yake ilikuwa juu ya ile ya stendi kwa kama 4,000 kila moja, na sijawahi kujutia hiyo 4,000. Muuzaji anayejua mzigo wake umetoka wapi hana shida kuandika sentensi hiyo. Anayejua ana feki ataanza kukwambia flashi ikishafunguliwa hairudi.

Kama huna laptopu, tumia simu na kile kiunganishi cha OTG, cha kuchomekea flashi kwenye simu. Chukua muvi moja unayojua inacheza vizuri, ikopi mara nyingi kwa majina tofauti mpaka flashi ijae. Ichomoe. Ichomeke tena, kwa sababu usipoichomoa kifaa kinaweza kukusomea kilichobaki kwenye kumbukumbu yake chenyewe badala ya kusoma flashi. Kisha fungua nakala ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, na usiangalie mwanzo tu, sogeza mbele mpaka karibu na mwisho wa muvi. Si kipimo kamili kama kile cha programu, lakini ile yangu ya 13,000 ingekamatwa.

Kuna vitu vinavyowatisha watu bure. Wateja wananiletea flashi nzima wakisema wameibiwa kwa sababu imeandikwa 32 na kompyuta inaonyesha 29. Hawajaibiwa. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inahesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, kwa hiyo 16 huonekana chini kidogo ya 15, 64 huonekana chini kidogo ya 60. Jingine ni muvi ya GB 5 kukataa kuingia wakati nafasi ipo. Hiyo ni kwa sababu flashi imeformatiwa kwa FAT32, aina ya mpangilio wa mafaili ambayo haipokei faili moja linalofika GB 4. Iformati kwa exFAT, mpangilio mwingine, itapokea, ila ujue televisheni za zamani na redio nyingi za magari hazisomi exFAT. Kama flashi ni ya nyimbo za kwenye gari, iache na FAT32 yake.

Na kuna vitu vinavyowaliwaza watu bure. Pakiti, kwa mfano. Pakiti inachapwa popote, stika ya kung'aa nayo inachapwa popote. Kingston na SanDisk ni majina mazuri, mimi mwenyewe ndiyo ninayouza, na Kingston wanatoa dhamana ya miaka 5 kwa flashi zao za DataTraveler. Lakini ndiyo majina yanayoigwa sana, kwa sababu hakuna anayepoteza muda kuiga jina lisilojulikana. Jina zuri bila kipimo halijanisaidia kitu siku ile ya kipaimara.

Rangi ya bluu nayo. Watu wanajua USB 3.0, ile yenye kasi zaidi, ina plastiki ya bluu ndani ya mdomo, basi wakiiona bluu wanalipa zaidi. Washa tochi ya simu uangalie ndani ya ule mdomo wa chuma. USB 2.0 ina vipande vinne vya shaba mbele. USB 3.0 ya kweli ina vile vinne pamoja na vingine vitano vidogo kwa nyuma. Nimeshika flashi za bluu zenye vinne tu. Hiyo bluu umeuziwa rangi.

Suala la ukubwa linastahili kutazamwa kwa utulivu, maana hapo ndipo hela nyingi zinapotea. Mwanachuo anayeandika utafiti wake anahitaji nafasi ndogo sana: utafiti mzima wenye picha na majedwali kwa kawaida haufiki hata MB 50. GB 16 inamtosha mpaka amalize chuo, na 32 inamtosha na muvi zake. Lakini akisikia kuna ya TB 1 kwa 25,000 anaona 32 ni ya kijinga. Flashi za TB 1 za kweli zipo duniani, na bei yake ni ya laki kadhaa. Hakuna muuzaji wa Dodoma wala Kariakoo atakayekupa kwa 25,000, labda awe ameiokota.

Nimetaja Kariakoo kwa sababu wateja wananiambia, "Dada, kule ni nusu bei." Kwa mzigo wa jumla, ndiyo, bei inashuka. Ila piga hesabu. Treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar ilikuwa 31,000. Huwezi kupanda treni kuokoa 5,000. Kama mko kumi mmechanga na mwenzenu anakwenda Dar kwa shughuli zake, mtumeni, lakini akae na laptopu huko huko azipime kabla hajarudi. Flashi mbovu ukiigundua ukiwa Ilazo hapa Dodoma, kuirudisha Kariakoo ni kazi utakayoiacha njiani. Za mtandaoni, zile za tuma hela nikutumie kwa basi, mimi nimeziacha kabisa. Hakuna kaunta, hakuna risiti, na namba ya simu inabadilika.

Msimu nao una bei yake. Kwa miaka niliyofanya kazi hii nimeona vyuo vikifungua, kuanzia mwezi wa kumi, flashi zinapanda kwa sababu kila mwanachuo mpya anatafuta. Mwezi wa nane ukipita madukani wauzaji wenyewe wanakuita. Nunua wakati huo.

Ukishapata nzuri, itunze. Vumbi letu la kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua zinapoanza, linaingia kwenye mdomo wa flashi na linashikana na jasho la mfukoni. Chagua yenye kifuniko au ya kusukuma ndani. Usiichomoe taa ikiwa bado inawaka-waka. Na ukishaichomeka kwenye kompyuta za watu, pamoja na zangu, siku moja utakuta mafolda yamegeuka shotikati, zile alama zenye mshale mdogo. Usiiformati kwa hofu: mara nyingi kirusi kimeficha tu mafolda, bado yako humo. Mpe mtu anayejua ayafichue na kuisafisha kwa antivairasi.

Hata hivyo, flashi ni ya kubebea. Si ya kuhifadhia. Mwaka jana alikuja mtendaji wa kijiji kutoka upande wa Chamwino, mzee mtaratibu sana, na taarifa za miaka minne kwenye flashi moja iliyokufa. Ilikuwa orijino, imechoka tu. Alisimama pale kaunta akiigeuzageuza mkononi, hasemi kitu. Kila faili unaloliandika tumia barua pepe kujitumia nakala, na nyingine ibaki kwenye kompyuta. Picha za kipaimara cha binti yangu zilizopona ni zile za kuvaa na za kuingia kanisani, na kumi na moja ambazo shangazi yake wa Singida alikuwa ameshatumiwa kwa WhatsApp, ndogo, zimefifia kidogo. Ziko sehemu tatu sasa.

Wiki iliyopita nilileta kumi za GB 32. Nikazipima usiku mbili mbili, kompyuta ikiwa peke yake pale dukani. Tisa zilipita. Ya kumi ilikuwa 32 za kweli, lakini ilileta makosa ya kusoma mara mbili karibu na mwisho, basi nikairudisha pamoja na risiti yangu yenye maandishi nyuma na nikapewa nyingine bila ubishi. Kila moja nimeibandika kipande cha karatasi chenye tarehe ya kupimwa. Ninauza 18,000. Ukitaka kuipima mwenyewe kabla hujalipa, njoo na laptopu yako: benchi lipo nje kivulini, na soketi ya umeme iko karibu na mlango.