Sabuni Haichagui Utando: Kwa Wanagenzi Wapya wa Maabara

Wadogo zangu mnaokuja kufanya mafunzo kwa vitendo hapa Kigoma, kila msimu ninawakuta kwenye sinki mkimwaga sabuni ya unga kwa kiganja juu ya tyubu za kioo, mkingoja povu lipande, kisha mnasuuza mara moja na kuzianika. Nimesema kwa mdomo nimechoka, leo ninaandika.

Kwanza, acheni kuliabudu povu. Kinachofanya kazi ni molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, na utando wa seli nao umejengwa kwa molekuli za namna hiyohiyo, zilizojipanga safu mbili zenye unene wa nanomita 5 hivi. Molekuli za sabuni hujipenyeza katikati ya molekuli hizo za utando, ziitwazo fosfolipidi; zikizidi, utando hushindwa kuzibeba, ukamomonyoka na kuwa misela, yaani vidonge vidogo mno vya molekuli zilizokusanyika, vyenye mchanganyiko wa sabuni na lipidi (mafuta ya utando). Kila sabuni ina kiwango chake cha kuanza kuunda misela: kwa sabuni mbili za maabara, SDS katika maji matupu ni karibu milimola 8 kwa lita, Triton X-100 ni karibu 0.2. Anayebadilisha sabuni na kuniambia ameweka "asilimia ileile" hajaniambia kitu.

Pili, suuzeni. Hapa nina deni la kuungama. Nilipokuwa mgeni kama ninyi, katika maabara ambayo sitaitaja, nilipewa krosimachi, yaani kupima kama damu ya mchangiaji inapatana na ya mgonjwa, ya mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Nilichukua tyubu zilizokuwa zimeanikwa, nikachanganya seromu yake (majimaji ya damu yasiyo na seli) na seli nyekundu za mchangiaji, nikazungusha kwenye sentrifyuji, na nilipoinua tyubu kwenye mwanga, maji ya juu yalikuwa mekundu na seli zilizotuama chini zilikuwa chache mno. Mnajua maana yake: seli zikipasuka, damu haipatani. Nikaikataa chupa ile ya damu, nikajaribu nyingine, yakawa yaleyale. Badala ya kujiuliza kwa nini kila chupa inakataa, nikaanza kujijengea nadharia ya kingamwili adimu, na baya zaidi, nikamlaumu muuguzi aliyetoa sampuli kwamba alitumia sindano nyembamba iliyopasua seli, ilhali seromu ya mama, kabla sijaimimina, ilikuwa ya manjano safi mbele ya macho yangu. Mkubwa wangu wa kazi alipofika aliuliza jambo moja tu: kontroli, yaani jaribio la kulinganishia, la seli za mgonjwa mwenyewe liko wapi? Sikuwa nimeliweka. Akaweka seli za mama na salini (maji ya chumvi) katika tyubu yangu moja, zikapasuka. Akaziweka katika tyubu mpya kutoka kwenye boksi, zikakaa salama. Aliyezipasua ni sabuni iliyokaukia kwenye kioo. Mama alipata damu na akapona, lakini alikuwa amengojeshwa bure. Kesho yake nilimwomba muuguzi radhi. Alinijibu "Haya, mwanangu," kwa sauti ambayo ingekuwa heri angenitukana.

Basi malizieni kusuuza kwa maji yaliyokenekwa (yaliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa), na katika kila mkupuo wa tyubu mlizoosha, pimeni moja kwa seli na salini kabla ya kuzitumia.

Tatu, msichanganye SDS na bafa (kimiminika kinachozuia asidi isibadilike) yenye potasiamu, wala msiiweke kwenye friji. Itaganda, nanyi mtakuja kuniuliza ule ungaunga mweupe ni nini.

Nne, maji ya sinki yana mwisho wake, na hapa bondeni ni ziwani. Mabaki ya Triton X-100 yakivunjika hutoa oktilifenoli, kemikali inayoiga homoni ya estrojeni katika samaki. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2021, hauruhusu Triton X-100 itumike bila kibali maalumu, isipokuwa kwa matumizi machache kama utafiti. Mbadala mzuri ni glukosidi za alkili, sabuni zinazotengenezwa kwa sukari na alkoholi zitokanazo na mafuta ya nazi au ya mise, nazo huoza upesi.

Ila msiniletee ile hoja ya "ni ya mmea, haina madhara." Mwaka 1964 mwanasayansi wa Ethiopia, Aklilu Lemma, aliona konokono waliokufa pale watu walipokuwa wakifulia kwa matunda ya mmea wa endodi. Saponini zilizomo, yaani sabuni za asili za mmea huo, hushika kolesteroli ya utando na kuutoboa. Zinawaua konokono wanaobeba kichocho, jambo ambalo sisi wa mwambao huu tungelifurahia, lakini zinawaua na samaki. Swali la kuuliza ni sabuni inaoza kwa muda gani na inamuua nani kabla haijaoza, si ilichumwa wapi.

Na sabuni yetu ya mawese? Huoza vizuri, ila maji ya Tanganyika yana magnesiamu nyingi, hivyo hugandana nayo na kuacha ukoko kwenye kioo. Iogeeni, idekieni sakafu, lakini nikiikuta kwenye beseni la tyubu, mtazirudia zote.