Nguzo ya ukoo kwa karatasi: kabla ya mkasi, ulizaneni

Mkiishi na watoto huku pwani ya magharibi ya Kanada, siku moja mtaombwa na shule mtengeneze nguzo ya totemu kwa karatasi. Msikimbilie gundi. Kwanza ulizaneni alama za ukoo wenu ni zipi.

Nguzo zenyewe, zile za mwerezi mwekundu wanazochonga Wahaida, Watlingiti na majirani zao, wenyeji wa asili wa pwani hii, si mapambo, wala haziabudiwi. Mnyama aliyechongwa ni alama ya ukoo, na kuionyesha ni haki ya wenyewe. Mhaida huzaliwa upande wa Kunguru au wa Tai, akifuata upande wa mama. Potlachi, karamu ambayo nguzo husimamishwa mbele ya mashahidi, ilipigwa marufuku na serikali ya Kanada kuanzia 1885 hadi 1951. Baada ya hayo yote, kumchukua Kunguru wa watu kwa sababu tu anapendeza, mimi sikubali.

Sisi tulichukua vya kwetu. Mume wangu ni Mganda wa ukoo wa Nsenene, yaani senene, wale panzi wanaoliwa, na kwa Waganda mtoto hufuata ukoo wa baba. Mwenye muziro, yaani alama ya ukoo, haruhusiwi kuula. Mimi ni wa Bukoba. Msimu wa senene ukitukuta nyumbani, nakaanga na kula peke yangu, mwenzangu ananitazama tu. Bibi mzaa baba wa watoto wetu ni wa ukoo wa Mmamba, yaani samaki kamongo. Basi kamongo chini, senene juu.

Jambo la kuiga kwa wachongaji ni kukuza kile kinachomtambulisha mnyama: beva, yule mnyama wa majini anayetafuna miti, kwa meno na mkia wenye mistari, tai kwa mdomo uliopinda. Senene wetu alipewa papasi ndefu na miguu ya nyuma mikubwa kupita kiasi.

Tumia kadibodi ya ndani ya taulo za jikoni, pima mzingo wake kwa uzi. Kunja karatasi katikati, chora nusu ya uso, kata, fungua, pande zitalingana. Paka rangi ikiwa bado imelala mezani, ikauke kabisa ndipo uizungushe. Mabawa yaachie ulimi wa kuchomeka kwenye mpasuo, maana gundi peke yake huachia. Kitako kisimamishe ndani ya kopo lenye mchanga.

Mwalimu akiuliza kunguru yuko wapi, mwache mtoto ajibu mwenyewe.