Nataka injini yangu ifike mizunguko 9,000. Nianzie wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina injini ya Toyota 4A-GE ya vali 16, cc 1,587, ambayo mstari wake mwekundu, yaani kikomo chake cha kiwandani, uko jirani na mizunguko 7,600 kwa dakika. Nataka kuipeleka kwenye mbio za saketi, ifike 9,000 bila kunifia kila baada ya mashindano mawili. Rafiki yangu anasema nikifunga pistoni za foji na kemu kali (shafti inayofungua vali), kazi imekwisha. Ni kweli?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Rafiki yako hajakudanganya, ila ameanzia mwisho. Pistoni ya foji, yaani iliyogongwa kwa shinikizo badala ya kumiminwa kwenye kalibu, inavumilia joto na nok, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda. Lakini injini ya mizunguko mingi haifi kwa moto wa petroli. Inauawa na uzito wa vyuma vyake yenyewe.

Pistoni hupanda, husimama kabisa, halafu hurushwa kurudi chini. Nguvu ya kuisimamisha hukua kwa mraba wa mizunguko. Kutoka 7,600 hadi 9,000 umeongeza mizunguko kwa asilimia 18 tu, lakini mzigo umepanda kwa asilimia 40. Tuseme pistoni, pini, ringi na kichwa cha juu cha konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka) kwa pamoja ni nusu kilo. Kwa 7,600, konrodi inavutwa kwa nguvu ya tani 1.6 hivi. Kwa 9,000 inapita tani 2.2, na pistoni inafika juu na kusimama mara 150 kila sekunde.

Sasa angalia nani anabeba mzigo huo. Pistoni ikipanda kugandamiza hewa, gesi iliyo juu yake inaisaidia kusimama. Ikipanda mwisho wa kutoa moshi, vali ziko wazi, hakuna kitu juu yake cha kuizuia. Hapo ni bolti mbili za konrodi ndizo zinazozuia pistoni isiende kugonga hedi, kifuniko cha juu chenye vali. Injini nyingi nilizofungua zikiwa na tundu ubavuni mwa bloku (mwili wa injini) zilikuwa na pistoni nzima kabisa. Kilichokatika ni bolti.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye konrodi imara na bolti zake. Na usizikaze kwa spana ya toku, ile inayopima nguvu ya kukaza, peke yake, maana toku hudanganywa na mafuta uliyopaka kwenye nyuzi. Pima urefu wa kila bolti kwa maikromita ikiwa mpya, andika, kisha ikaze mpaka ivutike kwa kiasi alichotaja mtengenezaji. Siku ukiifungua, ipime tena. Ikiwa imebaki ndefu kuliko ilipokuwa mpya kwa zaidi ya milimita 0.025, itupe. Najua inauma kutupa kitu kinachong'aa.

Bloku yenyewe isikutie hofu. Stroku yako, yaani umbali wa pistoni kutoka chini hadi juu, ni milimita 77, kwa hiyo kwa 9,000 pistoni inakwenda wastani wa mita 23.1 kwa sekunde. Honda S2000 ya lita 2.0, gari la dukani, ina stroku ya milimita 84 na ilifika 9,000 hizo hizo: mita 25.2. Hata V8 za Formula 1 za mwaka 2009, zilizowekewa kikomo cha 18,000, zilikuwa kwenye mita 24 hivi, kwa sababu stroku yao haikufika milimita 40.

Baada ya konrodi, panda juu kwenye vali. Springi dhaifu ikishindwa kuirudisha vali kwa wakati, pistoni inaikuta njiani. Injini yako ina jambo lake la ziada: shimu (visahani vya kurekebisha nafasi ya vali) zinakaa juu ya bakuli la vali, kikombe kinachosukumwa na kemu, na kemu yenye mnyanyuo mkubwa ikizungushwa sana huweza kuitema shimu nje. Badilisha uweke bakuli zenye shimu chini. Halafu chagua springi zenye akiba juu ya 9,000, kwa sababu kikomo cha kompyuta hukata petroli au moto tu. Ukitoka gea ya tano ukakosea ukaingiza ya pili badala ya nne, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta haina la kufanya.

Kwenye oili, weka vizuizi ndani ya sampu (beseni la oili chini ya injini) ili kwenye kona ndefu bomba la kunyonyea lisibaki linavuta hewa. Nafasi ya beringi ianzie sehemu moja kwa elfu ya kipenyo cha shingo ya krenki, pale beringi inapokaa: shingo ya milimita 42, nafasi milimita 0.042, au zaidi kidogo kwa mbio. Pampu ya oili inazungushwa na pua ya krenki yenyewe, na gea zake za unga wa chuma ulioshindiliwa hazipendi mitetemo. Ndiyo maana sipendi zile puli nyepesi za alumini zisizo na mpira. Ule mpira unameza msokoto wa krenki. Ukiuondoa, msokoto unaishia kwenye gea za pampu.

Kusawazisha krenki na kulinganisha uzito wa pistoni ni lazima, ila karakana yoyote nzuri ya mashine inajua kazi hiyo.

Kemu nimeiacha mwisho makusudi. Kabla ya kuinunua, pima nguvu ya injini kwenye dayno, mashine ya kupimia nguvu. Kama hedi yako inaishiwa pumzi kwenye 7,800, kuipeleka 9,000 ni kununua kelele na kuchosha bolti. Kikomo kiwe mizunguko mia kadhaa tu juu ya pale nguvu inapoanza kushuka, hata kama ni 8,400. Hujapungukiwa kitu.

Ikishafungwa, kila ukibadilisha filta ya oili ikate, ukunjue karatasi yake kwenye mwanga. Chembe chache za kijivu siku za mwanzo ni ringi zinazojikalisha. Ukiona zinazong'aa rangi ya shaba, usiiwashe tena mpaka ushushe sampu utazame beringi za konrodi.