Injini ipi utie kwenye Datsun 240Z? Mimi nasema L28

Injini ya 240Z, gari la michezo la zamani la Nissan lililouzwa kwa jina la Datsun, ikishakufa, ushauri hukufikia kabla hujauomba. Vijana watakuambia utie injini ya 2JZ ya Toyota. Wapenzi wa Nissan watakuapia kuwa bila injini yao ya RB hujafanya kitu. Fundi wa mtaani, aliyezoea Toyota Mark X, atakwambia V6 ya 4GR imejaa mjini, ya nini kuhangaika. Mimi nimekaa na 240Z miaka mingi, nimeshika spana kwenye za wenzangu pia, na jibu langu ni lile lile: tafuta L28, injini ya Nissan ya karibu lita 2.8. Ukiikosa, fumua hiyo L24 uliyo nayo, yaani injini yake ya kiwandani, uitengeneze upya. Zilizobaki zote zina mahali pake, ila zinakaa nyuma ya hizo mbili.

Anza na gari lenyewe. 240Z ina uzito wa zaidi kidogo ya tani moja. L24 yake ni silinda sita za mstari, sentimita za ujazo 2393, kemshafti (shafti inayofungua vali) moja juu, kabureta mbili. Ndiyo injini iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller wakiwa ndani, ikarudia mwaka 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Njia zile hazikuwa za lami, na gari halikuwa na kompyuta. Anayekwambia injini hii ni dhaifu muulize kwanza kama amewahi kuendesha iliyo nzima. Wengi wameendesha iliyochoka tu: kabureta zinavuja hewa, taimingi imekaa kwa kukisia, ringi zimekwisha.

L28 ni ndugu wa tumbo moja na L24. Urefu wa bloki ni ule ule, maunti zinazoshikilia injini ni zile zile, giaboksi ya Z inaifuata bila kubembelezwa. Tofauti iko ndani: kipenyo cha silinda kimetoka milimita 83 hadi 86, mwendo wa pistoni umetoka 73.7 hadi 79, ukapata ujazo wa 2753. Nguvu ya chini inaongezeka waziwazi. Kwenye mlima ambao zamani ulirudi gia ya tatu, unabaki ya nne. Ukifungua boneti, mtu asiyejua hataona kilichobadilika, na kwangu hilo lina thamani yake.

Inapatikana wapi? Usitafute kwenye magari ya Z, hayo yako machache na wenyewe hawayaachi. Tafuta Nissan Patrol za miaka ya themanini, zile za 160 zenye injini ya petroli, au saluni kubwa za Datsun 280C. Patrol nyingi ziliishia mashambani au zikawekwa injini ya dizeli, na ile ya petroli ikabaki imelala kwenye kona ya gereji. Yangu ilitoka kwenye Patrol. Jambo moja la kukumbuka: sampu (bakuli la oili chini ya injini) na bomba lake la kufyonza oili hubadilika kutoka gari moja hadi jingine. Kwa hiyo vya Z yako usivitupe, utavihamishia kwenye L28. Giaboksi ya Patrol nayo muachie mwenyewe, haikuhusu.

Sasa tahadhari. L za silinda sita zinafanana kwa nje kama mapacha. Kuna L20 ya lita mbili iliyofungwa kwenye magari mengi ya Kijapani, na muuzaji akishaipaka rangi na kukwambia ni L28, kwa macho huwezi kubisha. Mimi niliwahi kuonyeshwa moja ya namna hiyo, bei imeshapangwa, chai imeshaagizwa. Nikamwambia kijana wa pale anipe brashi ya waya. Kwenye bloki, upande wa plagi, kwa nyuma karibu na hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda), kuna kibapa kilichosawazishwa ambako aina ya injini imegongwa pamoja na namba yake. Tuliposugua uchafu ikatokea L20. Muuzaji akasema, "Mzee, hata mimi nimeambiwa hivyo hivyo." Labda ni kweli. Tukanywa chai, nikaondoka.

Kwa hiyo beba brashi ya waya. Beba pia betri na geji ya kompresheni, na omba injini uioneshwe ikiwa bado na giaboksi, maana bila giaboksi stata haina pa kushika. Toa plagi zote sita, shikilia throto ya kabureta wazi, piga stata. L nzima hukaribia psi 170 kwa kila silinda. Sikatishwi tamaa na namba ya chini kidogo kwa injini iliyolala muda mrefu. Ninachoangalia ni tofauti: tano zikiwa sawa na moja ikawa imeanguka, hapo pana vali iliyoungua au ringi iliyovunjika, na bei lazima ishuke au tuagane.

Kisha fungua kava la juu uangalie kemshafti. Ndimi zake ziwe laini, zenye mng'ao mmoja. Ukiona mifereji au kona iliyolika, jua oili haikuwa ikifika. Kemshafti na roka zake, yaani mikono inayosukuma vali, huzoeana, kwa hiyo usikubali kupewa kemshafti ya injini moja na roka za nyingine zilizookotwa kwenye ndoo.

Sehemu inayoua L nyingi huku kwetu ni maji. Bloki ni chuma, hedi ni alumini, na pwani watu hujaza radieta kwa maji ya kisima yenye chumvi. Alumini inaliwa kimyakimya. Fungua nyumba ya themostati uchungulie ndani: kutu ya kawaida si neno, lakini ukiona ukingo wa alumini umemong'onyoka kama jibini, hedi hiyo itahitaji kuchomelewa na kupigwa msasa kwenye karakana, gharama yake uihesabu kabla ya kulipa. Ukishaifunga, tia kulanti (maji ya radieta yenye dawa) ya rangi, na radieta ya zamani ipeleke ikafunguliwe na kusafishwa. Joto la Mombasa halisameheani na radieta iliyoziba nusu.

Ukiitoa hedi mwenyewe, usisahau kabari ya mbao. Tenshona ya cheni ya taimingi, yaani kifaa kinachoikaza, hutoka mahali pake mara tu cheni ikilegea, na kuirudisha lazima ufungue mbele yote ya injini. Kipande cha mbao kilichochongwa na kushindiliwa katikati ya cheni kinakuokolea kazi ya siku nzima. Mafundi vijana wengi hawajui hili kwa sababu hawajawahi kuikuta L. Si kosa lao, waambie tu mapema.

Klachi ina mtego wake. Ukinunua kava ya klachi ya aina nyingine, kola inayobeba beringi ya klachi lazima iwe ya kava hiyo hiyo, kwa sababu urefu wake hutofautiana. Ikiwa fupi, klachi haitoi. Ikiwa ndefu, inateleza. Watu wamebadilisha silinda za klachi juu na chini wakitafuta ugonjwa ambao uko kwenye kipande hicho kidogo.

Turudi kwa hizo nyingine, nisije nikaitwa mzee mkaidi.

RB25 ni injini nzuri mno, na kati ya zote za kisasa ndiyo ningeichagua, kwa kuwa ni ya mstari, ni Nissan, na sauti yake inalingana na gari. Lakini inunue kama nosikati, yaani nusu ya mbele ya gari ikiwa na wayaringi, kompyuta, giaboksi na kila waya wake. RB26 ya GT-R ni kesi nyingine, kwani sampu yake imeungana na difu ya mbele ya magurudumu manne. Ukiwa na RB yenye tabo (turbo), difu ndogo ya Z haitadumu ukiikanyaga, breki za nyuma za drumu zitakuwa mzaha, na tangi la petroli lililotengenezwa kwa ajili ya kabureta litanyima pampu ya presha petroli kwenye kona. Hesabu hayo yote kabla hujasema injini ni rahisi.

1JZ na 2JZ ni imara, na zimejaa kwenye Mark II na Crown zilizokuja kutoka Japani. Tatizo ni kwamba karibu zote huku ni otomatiki. Giaboksi ya kubadili gia kwa mkono inayozifaa itakusumbua kuliko injini yenyewe. Tena soma herufi za mwisho: GE ni ya kawaida, FSE ina petroli inayopulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, pamoja na pampu ya presha kubwa. Hiyo iache. Kwa sababu hiyo hiyo simtii mtu moyo na 4GR ya Mark X. Na V6 ya Teana hata usiiulizie bei, ilitengenezwa kukaa kwa upana na kuvuta magurudumu ya mbele.

Ukiwa na ndoto ya kuingia mashindano ya magari ya kale kama East African Safari Classic, pata kanuni zao kwanza, uzisome hadi mwisho, ndipo uende kwa muuza injini. Hapo injini ya zama za gari ndiyo mazungumzo, na RB au JZ hufunga mlango.

Namba ya injini iko kwenye logbook, kwa hiyo mabadiliko yaandikishe. Dai risiti yenye namba ya injini uliyonunua, hata kama muuzaji anasema hakuna anayeuliza. Polisi wa barabarani huenda asiulize. Mnunuzi wa baadaye na bima watauliza.

Na ile L24 ya zamani usiiuze kwa watu wa vyuma chakavu, hata ikiwa imekwama. Namba yake imeandikwa pia kwenye kibati kilichomo ndani ya boneti, na 240Z inayouzwa pamoja na injini yake ya kiwandani ina bei yake. Mimina oili kwenye kila silinda, rudisha plagi, ifunge kwa plastiki na uiweke juu ya mbao, isiguse sakafu.