Kuhusu ile nyama ya sokoni

Mwanangu,

Umeuliza kama ni vibaya kununua nyama ya pori huko Kisangani, kwa kuwa wenzako kazini wanainunua na wewe unaona haya kukataa. Mama yako amenisomea ujumbe wako. Mimi simwazii sana mnunuzi, namwaza aliyetega.

Unajua babu yako alivyowinda kule msituni Shabunda: wanaume nyuma ya nyavu, sisi vijana na mbwa wenye kengele za mti tukifukuza kutoka upande wa pili. Siku moja mboloko jike, yule paa mdogo wa msituni, alinasa. Babu yako akampapasa tumbo, akakuta ana mimba, akainua wavu akamwachia. Mbele ya watu wote! Walimtukana mpaka kambini, na nyama ilipogawanywa sisi hatukupewa hata utumbo. Wakamwita Baba Mboloko. Mpaka leo wazee wakilitaja jina hilo kwenye matanga wanacheka. Mimi sicheki.

Mumechoka kunisikia: mwindaji sharti amwone mnyama. Mtego wa waya haumwoni. Unategewa mboloko, unamkata ngagi, yaani gorila, mkono, kama ilivyotokea katika hifadhi ya Kahuzi-Biega. Mwenye kutega akichelewa kurudi, nyama inaoza porini. Vijana walipoacha kufuma nyavu wakashika waya za breki za baiskeli, nami niliweka mkuki chini.

Lakini je, mkuki wa babu yako haukuuma? Uliuma. Na mjomba wangu alisema yule jike ataliwa na chui kesho yake, basi tumepata faida gani? Sikuwa na jibu, na bado sina. Tena mtu wa ndani kabisa ya Shabunda, ambaye samaki wa ziwa letu la Kivu hawamfikii, nimwambie ale nini? Wa mjini ndiye ana chaguo, naye ndiye anayelipa bei kubwa.

Ngagi, sokomutu (sokwe) na okapi sibishani: sheria imewakataza, nawe ukiona mkono wa namna hiyo kwenye meza, ondoka. Kwa nyingine, muulize mama muuzaji ilinaswa kwa kitu gani, wavu au waya. Akikwambia hajui… Hapa mama yako ananivuta shati, eti wewe ni mtu mzima, nikuache uamue. Haya, nimenyamaza.

Dada yako akija huko atakuletea sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, mfuko mzima. Wagawie na hao wenzako.

Papa yako