Maswali na majibu: Word inapogombana na printa

Wageni wetu wa Marekani wakitutumia fomu za Word, printa inawasha taa na kudai karatasi, wakati trei imejaa. Tukiandika barua zetu wenyewe haina neno. Fundi kasema tununue nyingine. – Ofisi ya utalii, Njiro, Arusha

Msinunue kitu. Trei yenu ina A4, na fomu ya mgeni inaomba Letter, karatasi ya Marekani. Kwa macho zinafanana, ila Letter ni milimita 216 kwa 279, na A4 ni 210 kwa 297. Printa inasubiri karatasi ambayo Arusha nzima utaitafuta kwa tochi.

Kama hamtaki kuigusa fomu, bonyeza Ctrl na P. Chini kabisa, palipoandikwa 1 Page Per Sheet, fungua, chagua Scale to Paper Size, kisha A4. Word itaipunguza au kuikuza itoshee. Mkitaka kuibadilisha moja kwa moja, nendeni Layout, halafu Size. Hapo angalieni: waraka uliogawanywa sehemu hubadilika sehemu ile tu uliyoweka kishale. Fungueni More Paper Sizes, na penye Apply to mchague Whole document. Kisha pitieni ukurasa wa sahihi, maana A4 ni ndefu zaidi na nyembamba zaidi, kwa hiyo mistari inahama.

Halafu kuna hili ambalo mafundi wengi hawaliangalii: laptopu mpya ikiwa imewekwa nchi ya Marekani, kila barua mpya ya Word inazaliwa ikiwa Letter. Rudini dirisha lilelile la More Paper Sizes, chagueni A4, bonyezeni Set As Default. Mtasahau kama mliwahi kusumbuka.

Shikamoo. Ripoti yangu ya mafunzo kwa vitendo ina kurasa 42 kwenye laptopu yangu. Steshenari ikatoka 45, majedwali yamekatika katikati, na yaliyomo hayalingani na namba za kurasa. Dada wa pale anasema flashi yangu ina virusi. – Mwanafunzi, Moshi

Marahaba mwanangu. Flashi haina hatia katika hili. Faili la Word halibebi sura ya ukurasa. Linabeba maneno na maagizo, na kila kompyuta inayapanga upya kwa vifaa ilivyo navyo. Ukiwa umetumia fonti ambayo kompyuta ya steshenari haina, Word inaweka nyingine ya karibu, yenye herufi pana kidogo. Mstari mmoja unasukuma mwenzake, na kufika sura ya nne umeshapata kurasa tatu za ziada. Toleo tofauti la Word, na hata printa tofauti, vinaweza kufanya hivyohivyo.

Dawa ni kwenda na PDF. Ukiwa bado nyumbani, fungua File, Save As, na penye aina ya faili chagua PDF. Ifungue uipitie yote kabla hujapanda daladala. Pale kaunta sema wachape kwa Actual size, wasikubali Fit, maana Fit hupunguza ukurasa na pambizo ulizopimiwa na chuo zinabadilika.

Na tafadhali, acha kusukuma sura mpya kwenda ukurasa unaofuata kwa kubonyeza Enter mara ishirini. Bonyeza Ctrl na Enter mara moja. Nimeona watu wakirekebisha ripoti nzima wamesimama pale kaunta, foleni nyuma yao inaguna, na kila wanachoziba hapa kinafumuka kule.

Umeme ulikatika nikiwa nachapa. Uliporudi, kazi ile imeganda kwenye foleni. Nikiifuta inaandika inafutwa, lakini haiondoki. Wateja wananitazama. – Mwenye steshenari, Ngarenaro

Pole kaka. Kwanza acha kubonyeza Print tena. Foleni ikifunguka utatoa nakala kumi za barua moja, na rimu itaisha bure.

Zima printa na kompyuta, uwashe. Ikigoma, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika services.msc. Tafuta Print Spooler, yaani huduma ya Windows inayosimamia foleni ya kuchapa, bonyeza Stop. Nenda kwenye folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, ufute vilivyomo ndani, folda yenyewe uiache. Rudi ubonyeze Start. Kazi zote zilizokuwa foleni zitapotea, hivyo mwambie kila mteja akupe faili lake upya.

Nikichapa ofisini, karatasi inatokea chumba cha mhasibu. Nachagua printa yangu, kesho yake imerudi kwake. – Sakina

Windows inajichagulia printa uliyotumia mara ya mwisho. Kwenye Settings, sehemu ya Printers & scanners, zima Let Windows manage my default printer, kisha weka yako. Siku nyingine mhasibu asisome barua zako za mkopo.

Ratiba ya ibada, karatasi ya kulala inayokunjwa katikati: upande wa pili unatoka kichwa chini. – Karani wa parokia, Moshi

Chagua kugeuza kwa ukingo mfupi, Flip on short edge. Jaribu karatasi moja kabla ya mia mbili. Printa isiyogeuza yenyewe, chagua Manually Print on Both Sides, na weka alama ya penseli juu ya karatasi ya majaribio ujue irudi kwenye trei imelala vipi.

Nikichapa mtihani, maoni ya mwalimu mwenzangu yanatoka pembeni na ukurasa umebanwa. – Mwalimu, Arusha

Kwenye dirisha la Print, fungua Print All Pages, ondoa tiki ya Print Markup. Ila usipeleke faili hilo kwa mtu mwingine hivyohivyo, mwalimu. Maoni bado yamo ndani. Nenda Review, kubali au kataa mabadiliko, futa maoni, ndipo utume.