Tope la vyoo kutoka nje: mambo ya kudai kabla dampo halijalipokea

Nimekuwa kwa muda mrefu mjumbe wa kamati ya mazingira katika mtaa unaopakana na dampo, pembezoni mwa jiji la Mwanza, na hakuna jambo lililotushughulisha kuliko magari ya majitaka yaliyokuwa yakiingia usiku na tope la vyoo kutoka wilaya nyingine. Ninawaandikia wananchi walio katika hali kama yetu, kwa kuwa ninaamini madai yao yatasikilizwa iwapo watadai jambo lililo sahihi, yaani kupigwa marufuku kwa tope bichi (lisilotibiwa), na kila anayeleta tope kutoka nje kulazimika kuonyesha limetoka wapi na limetibiwa namna gani.

Msianze na harufu, hata kama ndiyo inayowanyima usingizi. Ofisini harufu huonekana kuwa kero ya kupita. Zungumzieni maji. Tope linalonyonywa kutoka kwenye mashimo ya vyoo ni maji kwa sehemu kubwa sana, na hata tope la mitambo ya kutibu majitaka lililokwisha kukamuliwa kwa mashine kwa kawaida hubaki na maji yasiyopungua robo tatu ya uzito wake. Likimwagwa juu ya taka ngumu, hulainisha lundo hadi miteremko yake huweza kuporomoka, huzuia taka kushindiliwa, na huongeza maji machafu yanayochuruzika chini ya dampo. Maji hayo hubeba vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo pale vilipo kwenye tope, pamoja na mayai ya minyoo ya tumbo, ambayo yanaweza kubaki hai udongoni kwa miaka kadhaa. Jiji letu limejengwa juu ya vilima vya mawe ambavyo makorongo yake huteremka kuelekea Ziwa Victoria, na ziwa hilo ndilo tunalokunywa, kwa sababu maji ya bomba huvutwa humo, Capripoint ikiwa mojawapo ya vyanzo.

Jambo hili si la nchi maskini peke yake. New York iliacha kumwaga tope lake baharini mwaka 1992 baada ya sheria ya Marekani kulikataza, na baadaye sehemu ya tope hilo ikawa inasafirishwa kwa treni hadi dampo moja katika jimbo la Alabama. Mwanzoni mwa mwaka 2018 mji mdogo wa West Jefferson ulikwenda mahakamani na kuyazuia mabehewa. Yakahamia Parrish, mji wenye wakazi wasiofika 1,000, yakakaa hapo zaidi ya miezi miwili, kwa sababu Parrish haukuwa na sheria ya matumizi ya ardhi ya kuyakataza. Mzigo ulielekea pale ambapo hapakuwa na maandishi, na ndiyo maana ninasisitiza sheria ndogo kuliko ahadi za mdomo.

Hata hivyo, sishauri kufunga lango kabisa. Nyumba nyingi za vilimani kwetu hazijaunganishwa na bomba la majitaka, na mashimo yakijaa lazima yanyonywe. Dereva aliyekataliwa kila mahali atamwaga korongoni usiku, na mvua itamaliza kazi. Gari la majitaka linapaswa kuelekezwa kwenye mabwawa ya kutibu majitaka, kama yale ya Ilemela, na kila wilaya itenge angalau vitanda vya kukaushia tope lake yenyewe, yaani sehemu ambapo tope hutandazwa likauke. Ulizeni pia kuhusu ada. Kumwaga dampo kukiwa nafuu kuliko kumwaga kwenye mabwawa, hakuna katazo litakaloheshimiwa.

Kuhusu njia, msiyazuie magari barabarani, kwani dereva na utingo wake ni vibarua tu na ugomvi nao hautawafikisha popote. Andikeni tarehe, saa na namba za magari, mpeleke kumbukumbu hizo kwenye mkutano mkuu wa mtaa, zifike kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha diwani azibebe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inaiwezesha halmashauri kutunga sheria ndogo.

Katika sheria ndogo hiyo, dai moja msiliachie lipotee: daftari la langoni, linaloonyesha asili ya kila mzigo, liwe wazi kwa wajumbe wa mtaa. Sisi tuliporuhusiwa kulisoma ndipo tulipoweza kutenganisha magari ya jiji na yaliyotoka mbali, na mazungumzo yakahama kutoka kwenye harufu kwenda kwenye ada, vibali na mahali pa kukaushia.